Jumatano, Chumba cha Chini

Mimi, Jagna, nilifunzwa sheria kwa kukariri.
Profesa alisimama mbele yetu, hapa hapa Łódź,
enzi moshi wa makaa uliponukia hadi ndani ya vitabu.
Alitaja namba ya kifungu, ukataja maneno,
koma kwa koma. Ukiteleza, unakaa.
Miaka mitano sikuonana na mtu mwenye kesi.

Leo mashine yako huandika utetezi
kabla chai haijapoa.
Nimeusoma. Umenyooka, umepigwa pasi,
una hukumu tatu za kuegemea,
na ya pili, binti, haipo.
Nimeisaka hadi majalada ya ghalani:
hakuna hakimu, hakuna tarehe,
wala aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Sikukaripii.
Nauliza tu: Bi Genowefa alipokaa kiti kile,
koti hajavua, mkoba magotini,
ulimtazama yeye, au kioo?

Maana mimi nilimwona.
Ulipomuuliza notisi ya kuhama ilifika lini
alisema Machi,
kisha akaizungusha pete kidoleni.
Machi alikuwa amekwisha kumzika mumewe.
Barua iliandikwa kwa jina la marehemu.
Hapo ndipo kesi ilipolala,
na hakuna aliyemwambia mashine kuhusu pete.

Kitivo kimefuta mtihani wangu wa mdomo.
Nilipinga; niliandika kurasa sita:
sheria ni akili, si zahanati!
Wakanijibu kwa chumba hiki,
bomba linalodondoka, meza ya plastiki,
boksi la leso za karatasi,
na somo jipya ambalo hata sisi walimu tunaketi kulisoma:
namna ya kunyamaza mtu anapotafuta neno.
Nilipata tatu juu ya tano.
Miaka thelathini na mmoja ya kusema, unatarajia nini?

Basi, ifute ile hukumu hewa.
Mashine irudishe kazini; ni karani hodari,
ila hata karani hodari husimamiwa,
na sahihi chini ya ukurasa ni yako, si yake.

Halafu vaa glovu, upande tramu.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Vua viatu mlangoni.
Muulize kama bado anayo bahasha,
ile yenye muhuri wa posta,
na akikukatia keki, kula kwanza.