Hatua za Nani

Saa kumi na moja alfajiri, Pittendour, pwani ya Fife,
nakanyaga grini ya kumi na nne
na chuma cha kutobolea mashimo begani.
Umande unaonyesha kila nilipopita,
kama ushahidi.

Jana usiku, kwenye banda la mashine,
walibishana mpaka chai ikapoa.
Bwana Crichton wa kamati, tai ina doa la supu,
alishika karatasi ya matokeo
kama mtu aliyeletewa bili ya hospitali:
"Kumi na tano chini ya kiwango! Siku mbili tu!
Nilisema tangu Machi, nyasi za pembeni zifike magotini.
Sasa imebaki bendera. Ifichwe."

Effie Lumsden, mkuu wetu wa nyasi,
hakuinua macho kwenye kisu alichokuwa akinoa.
"Nyasi za magotini hazimjui fundi," alisema.
"Aliyekosea kwa shubiri na aliyekosea kwa shamba zima
zinawameza sawasawa.
Mtego wa panya, huo."

Kamati ni watu saba. Effie ni mmoja.
Nami nikapewa kikaratasi:
*hatua nne kutoka ukingoni, kushoto, juu ya mteremko.*

Nilihesabu nne. Nilitoboa.

Saa saba mchana upepo ukaamka kutoka baharini
na ukamkuta Dale Hruska wa Nebraska,
miaka arobaini na mmoja, mara yake ya kwanza
kucheza Jumamosi ya mashindano makubwa.
Alipiga mpira chinichini, chini ya upepo,
mpigo mzuri kuliko yote niliyoiona wiki hii.
Ukatua kando ya bendera. Ukasita.
Kisha ukageuka, taratibu,
kama mgeni aliyegundua kaingia nyumba siyo,
ukateremka mpaka mchangani.

Alipoutoa mchangani, akaupapasa kuelekea shimo:
ukarudi miguuni pake.
Akaupapasa tena. Ukarudi.
Watu wakacheka kile kicheko
cha sahani inayovunjika harusini.
Crichton akafuta machozi: "Uwanja bado una meno!"
Hruska akavua kofia, akaitazama ndani,
kana kwamba jibu lilishonewa humo.

Sikatai. Vijana hawa hupiga mpira ukatokomea kama mdaiwa.
Kilima kilichomtisha babu yake Crichton
wanakiruka huku wakitafuna ndizi.
Basi waulizwe.
Waulizwe na upepo, na ardhi iliyokauka ikawa ngoma,
waulizwe kama wanataka njia ndefu ya kulia
au ile fupi, ya kushoto, yenye roho mkononi.
Ila anayejibu sawa
apewe alama zake.

Kila Jumanne Bi Nettie Baird, miaka sabini na sita,
hulivuta toroli lake mpaka hapahapa
na kulimaliza shimo hili kwa mipigo tisa.
Huihesabu kwa sauti, haibi hata mmoja,
huenda zake akinukia peremende.
Hakuna aliyewahi kukaa kikao
kujadili namna ya kumkomesha.

Shuleni kwetu Molo waliandika ukutani, kwa rangi ya mlango:
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Nilidhani ni maneno ya watu.
Uwanja je?

Jioni nimerudisha mkate wa udongo kwenye tundu lake,
nimeukanyaga, nimeumwagia maji.
Kesho hakuna atakayejua palikuwa na shimo,
ila mimi, na mtu mmoja wa Nebraska.

Effie anakuja na tochi na kikaratasi cha Jumapili.
Nakisoma: hatua nne tena, upande wa pili.
Anakisoma naye, anakikunja, anakitia mfukoni.
"Nne," anasema. "Haikuandikwa hatua za nani."

Effie ni mrefu kama mlingoti.
Anasimama ukingoni, anavuta pumzi,
anarusha mguu wa kwanza gizani,
nami namfuata na chuma changu.
Moja.
Mbili.