Kufuli Mbili

Lango letu Miritini
lilisimama topeni,
ukingo wa Mwache, chini,
kufuli mbili lafungwa.

Moja ni ya Serikali,
ya shaba, nzito, ya ghali;
yetu, ya duka la Ali,
kwa deni ikatolewa.

Mimi naitwa Umazi,
karani, na hii kazi
miaka sita, si juzi,
kwa kalamu ya kupewa.

Ni bonde la mafuriko,
maji tamu na mikoko
hukutana, ndipo huko
korongo hukaribishwa.

Mkataba unanena
tutunze tukipatana
viumbe wa kila kina
na mapato kugawanywa.

Vikaoni, viti vyao
vina mito; sisi, mbao.
Maji yetu, chai yao,
yasemwa tu sote sawa.

Masika ukafurika,
ukingo ukafutika,
kiboko akazunguka,
shamba la Mbeyu laliwa.

Asubuhi kaja mbio
na beseni, na kilio,
masuke, mabua nayo,
yametemwa, kukanyagwa.

Kwa Afisa Boru kenda:
“Kiboko mnomlinda
amenila, amekwenda.
Je, ni lini nitalipwa?”

“Huyo ni wenu, jamii.
Serikali haingii.
Mpunga hatulipii
ila kwa fomu kujazwa.”

Juzi wageni wa Nyali
walipiga picha mbali:
kawa ni wa Serikali,
risiti huko zakatwa.

Nikaandika kwa haya:
akila, wa hii kaya;
akilipa, wa Ulaya.
Ukurasa ukalowa.

Usiku wa pili, maji
yalikuja kama jaji,
pasi hodi, pasi hoji,
na lango likang'olewa.

Lilinasa mikokoni,
kufuli bado shingoni,
kaa wamo upenyoni;
zi vile zilivyofungwa.

Boru kavua viatu,
Mbeyu halaani mtu,
tukalivuta watatu
hadi viganja kuchunwa.

Reli juu ikavuma.
Kule nyasini, kwa nyuma,
kiboko katutazama,
hajui amegawanywa.

Lango jipya, la matete,
lapitwa na watu wote,
kiboko naye, apite;
mpunga upya wapandwa.

Fomu ya Mbeyu, kwa sasa,
haijafika Mombasa.
Nakala naipapasa,
sahihi mbili zangojwa,

na kufuli ya dukani
naiweka daftarini,
kwa pepo za dirishani
isije kupeperushwa.