Mbuzi wa Kijani

Kiborloni, shati la elfu mbili
nililivuta mishono, nikalinusa makwapa,
nikaliinua juani kutafuta tundu,
nikamrudishia Ndeshi: "Kola imechoka."

Usiku uleule, kwa kidole gumba,
nikatuma mshahara wa miezi miwili
kwa picha.

Gitaa la umeme, kijani mpauko
kama friji ya bibi kule Uru, ile ya mafuta ya taa;
vitufe rangi ya maziwa, kingo zimekwanguliwa
kiwandani, makusudi:
uzee usiotimiza hata mwaka.

Siku kumi na tisa.
Mlima ukajifunika, ukajifunua, ukajifunika.
Aikande, akichambua mchicha:
"Mbuzi wako wa kwenye gunia bado hajalia?"

Leo nimelichukua stendi. Boksi limebonyea pembe.
Shingo nene kuliko niliyoiota,
uzi wa tatu unakwaruza,
na kijani chenyewe, loo, ni cha ndoo.

Nikachomeka. Umeme ukakatika, Majengo yote giza.

Basi nikaegemeza taya kwenye ubao wake,
nikapiga polepole, sauti ikipita mfupani.
Aikande akaacha mchicha,
akaweka sikio upande wa pili,
mikono ingali na maji.

"Analia," akasema.