Kiwango Chepesi

Tabata Kimanga, saa saba usiku.
Nina sayari nne, migodi miwili,
meli nilizozihesabu kama nauli ya kurudi.
Yeye ana sayari moja. Moja!
Na meli zake zinafumuka kama kumbikumbi.

Zangu nilizificha nyuma ya mwezi, ndani ya ukungu.
Akaja moja kwa moja, hakutuma hata mpelelezi,
kama mwenye nyumba anayejua ufunguo unalala wapi.

"Fungua faili la mipangilio," akasema Mbonea, kaka yangu,
akichekea ndani ya chandarua.
Kiwango kigumu: adui apewe madini mara mbili,
aone ramani yote.
Nikafungua mdomo niite mwizi,
jicho likateleza mstari wa chini.
Kiwango chepesi: adui asubiri. Adui akosee shabaha.

Basi ule ushindi wa Jumapili,
nilioutangaza kwa simu hadi Kigamboni…

Mbonea kanyamaza.
Nikakumbuka drafti ya vizibo, uani kwa mama mkubwa,
nilivyomfunga kila jioni, mwaka mzima,
na yeye mkubwa kwangu kwa miaka sita.

Nikamwita.
Akageukia ukutani, akajifanya kukoroma.