Siku Tisini

Waraka ulifika Jumatatu, kurasa mbili,
ya pili ina sahihi tu na muhuri uliopinda:
wageni wanaotoka kwenye mlipuko
waongezewe siku tisini, bila ada,
wasilazimishwe kurudi.
Nikaubandika mlangoni, karibu na ndoo ya klorini.
Maji yakaurukia. Wino ukavuja penye neno *bila*.

Wa kwanza kuja alikuwa Kahindo,
yule wa vitenge, Barabara ya Nane,
anayeita kisamvu *sombe*,
na akihesabu hela husema *makumi mbili*
mpaka wateja wacheke, wanunue hukohuko kwenye kucheka.
Siku hiyo hakuna aliyecheka.
Benchi zima lilikuwa lake.
Mama mmoja mwenye mtoto alisimama ukutani,
akasema anapunga upepo.

Ugonjwa ule hujificha mwilini siku ishirini na moja.
Kahindo alikuwa na siku themanini na sita hapa Tanga.
Hesabu naijua, ndiyo kazi yangu,
kuhesabu siku za watu.
Kiti nikakivuta nyuma hata hivyo.

Kwenye fomu pana mstari: *Sababu ya kutorudi.*
Mstari mfupi, urefu wa kidole.
Akauliza, "Niandike yote?"
"Andika inayotosha."
Akaandika: *Mama amenikataza.*

Nikagonga. Tisini.
Akasema aksanti mara tatu,
ya tatu akiwa tayari nje,
anasukuma baiskeli yenye mzigo wake.

Wiki ya nne akarudi. Hakukaa.
"Afande, hizi siku zinarudishwa?"
Sikumwelewa.
Mama yake amezikwa Jumamosi, Butembo,
na watu waliovaa plastiki hadi machoni.
Hakuna aliyemwosha. Hakuna mkono uliomfumba macho.
Dada mtu alisimama nyuma ya kamba, simu ameinyanyua juu,
na Kahindo, huku, kwenye kioo kilichopasuka,
aliona begi jeupe, akaona matope,
mtandao ukakata.

"Zimebaki sitini na nane.
Nikikupa zote,
utanipa moja tu ya kule, ya Ijumaa ile?"

Nikausoma waraka upya, kurasa zote mbili,
nikaisoma na ile sahihi.
Nikamwambia, dada, kwenda hujazuiwa,
mpaka wa kutokea uko wazi.
"Najua," akasema. "Aliyefunga ni mama."

Hajarudi tena ofisini. Barabara ya Nane namwona,
anapima kitenge kwa mkono, pua hadi ncha ya kidole.
Hunisalimu. Huitika.

Ile kalamu aliyoandikia siku ya kwanza
niliishika kwa karatasi,
nikaitumbukiza droo ya chini, peke yake.
Jana wino wangu uliisha katikati ya jina la mtu.
Nikafungua droo.
Nikaifunga.
Nikaenda kuazima kwa Shekiondo.