Isiyokwama

Verlin amezipanga juu ya kitambaa cha kijani,
tano, midomo yote ikielekea ukutani.
Nje, upepo wa Amarillo unapita na harufu ya mazizi.
"Unatafuta ipi?"
Isiyokwama, nikasema.
Sikusema nzuri. Sikusema ile ndogo ya zambarau
aliyonisogezea bila kuulizwa.

Wiki ya tatu hii tangu Yolanda afungiwe chooni
na mtu aliyevaa soksi usoni,
akaondoka na dola mia na arobaini na chaja ya simu.
Zamu yake ya usiku sasa ni yangu.
Mume wangu alisema, mkono mtupu haulambwi.
Nikamwambia methali hiyo ni ya wali, si ya risasi.
Lakini nimekuja.

Verlin ana adabu. Kila anayoinua
huitoa magazini, huvuta kitelezi,
hunionyesha tundu tupu, kisha hunionyesha tena,
kama daktari wa meno na kinywa cha mgonjwa.
Mng'aro usikuzuge, anasema, rangi huchubuka.
Tazama springi ya magazini, maradhi huanzia hapo.
Ilishe za pua ya mviringo, ilishe zenye tundu puani,
za bei ya kutupa na za bei ya kulia, mia mbili;
ikizila zote bila kuchagua, hiyo iamini.

Nikamkumbuka baba, fundi cherehani, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga.
Mteja akisifu maua ya dhahabu shingoni mwa mashine,
baba alitoa jinzi iliyokunjwa mara nne:
"Ipe hii kwanza. Hariri, kila mashine hushona."
Kisha alifumba macho, akasikiliza.

Nami nikavuta kitelezi cha ile nyeusi, nikasikiliza.
Haikuwa na kikohozi.

Nyuma ya duka, chumba cha zege, masikio yamezibwa.
Ya kwanza ikaenda. Ya pili.
Ya tatu, ganda halikutoka,
lilisimama wima mgongoni mwa chuma
kama bomba la moshi katika mchoro wa mtoto.
Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nimeikamata!
"Mbovu hii."
Verlin akaichukua, akapiga kumi; kumi zikaenda.
Akaomba ruhusa, ndipo akanishika kifundo cha mkono.
"Chuma hakina neno. Wewe unalegea.
Kinataka cha kuegemea."

Miaka sita ya kutandika vitanda vya watu,
shuka zilizolowa, magodoro ya kuinua kwa bega.
Mkono huu huu.

Na mkono wa mtoto? nikauliza. Wangu ana miaka tisa,
hufungua kila kitu, hata saa ya babu yake.
"Kitelezi ni kizito kwa wa miaka tisa," akasema,
kisha, kwa kuwa ni mkweli,
"ila ikiwa na risasi tayari, hana haja ya kukivuta."

Tukaitazama pale kwenye kijani.
Cherehani ikikwama, baba alipoteza uzi.
Hii isiyokwama haitamuuliza mtu jina,
wala umri, wala kama ameota vibaya.
"Utaivaa kiunoni?"
Kikulacho, nikawaza, na methali nikaiacha hapo.

Sikununua. Sikukataa pia.
Aliandika jina langu kwa makosa mawili kwenye kadi,
akaiweka kando hadi Ijumaa,
akaniuzia mpira wa kuminya, dola tano.

Saa tisa usiku, moteli. Naminya, nahesabu,
themanini na moja, themanini na mbili,
mlango unafunguka na upepo, na mtu,
kofia hadi nyusini, skafu hadi puani.
Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye droo
ukaikuta stepla,
ile inayokwama kila karatasi ya tatu.

"Taulo," akasema. "Mbili, tafadhali."

Nikampa tatu.