Safu ya Sababu

Daftari letu lina safu nne:
tarehe, jina, kiasi, sababu.
Aliyechora mistari kwa rula, miaka sita nyuma,
alidhani sababu ni kitu kifupi.
Aliipa upana wa vidole viwili.

Naandika: kodi. Naandika: dawa.
Naandika: nyumba imeshuka na udongo, Kadutu, usiku wa Pasaka,
na maneno yanaparamia ukingo wa karatasi
kama mtu apandaye ngazi zetu na ndoo kichwani.

Fungu ni dogo. Tuko kumi na wanne,
wauza sambaza, mwalimu, fundi cherehani mmoja.
Kila Jumamosi franga elfu mbili ndani ya bati la maziwa.
Kila nyumba mara moja kwa mwaka.
Haidaiwi.
Haisimuliwi.
(Hii ya mwisho naivunja leo; majina nimeyabadili.)

Nsimire, basi.
Alijifungua kwa kisu siku ya Jumanne.
Jumatatu daktari akasema: umepona.
Mhasibu akasema: bado.
Dola hamsini na mbili.
Akahamishiwa chumba cha nyuma,
cha waliopona na hawajatoka,
kitanda kimoja mama wawili,
na kila usiku dola moja juu ya deni
kwa kulala.

Mumewe alikuwa Kamituga, shimoni, akitafuta dhahabu.
Simu yake ilijibu kuwa hapatikani
kwa sauti ya mwanamke mtulivu sana.

Usiku wa kumi na tatu ulipokwisha nilipeleka bahasha.
Noti tatu za ishirini, moja ya tano.
Mhasibu aliziinua dirishani, moja moja,
kama picha za mbavu.
Ya tatu akanirudishia. "Imepasuka, mama."
Mpasuko mdogo kuliko ukucha wa yule mtoto.
Mji mzima unajua: dola yenye jeraha
haina kwao.

Nikashuka Nyawera, kwa kijana wa meza na mwavuli.
"Kumi na saba. Na hapo nimekuhurumia."
Nikapanda tena na pengo la dola tatu
nisilomwambia mtu,
lakini chumba kile kina masikio.
M'Bisimwa, wiki yake ya tano pale,
akafungua fundo la kikwembe: elfu moja.
Mwingine mia tano.
Mwingine, ambaye wake hakuishi
na bado alidaiwa gharama ya kumzaa,
akatoa mia mbili zilizolowa jasho
akageukia ukuta.
Kilichobaki kilikuwa nauli yangu.
Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Wiki tatu baadaye Nsimire akaja, mtoto mgongoni,
sombe iliyotwangwa kwenye sahani iliyofunikwa.
"Futa jina langu," akasema.
Nikamwambia, si deni hilo.
"Ndiyo maana. Deni najua kulibeba,
nalipunguza leo, nalipunguza kesho, siku moja linakwisha.
Hili lenu sijui pa kulitua."

Sikufuta. Nilimpa daftari alione mwenyewe.
Alisoma kwa kidole: tarehe, jina, sitini na tano,
na mwishoni, kwa mwandiko wangu wa haraka,
hospitali.
Akalitazama neno hilo kwa muda mrefu,
jinsi mtu anavyotazama nguo iliyofuliwa na mwingine.

Kisha akaomba kalamu.
Kwenye mstari uliofuata akaandika tarehe ya siku ile.
Akaandika: M'Bisimwa.
Kiasi akakiacha wazi.
Na kwenye sababu, kwa herufi zilizobanana ili zitoshe:
alitoa elfu moja.

Bati lilikuwa na franga elfu kumi na moja.
Ilikuwa Alhamisi.